Dole Gumba la Kushoto

Kaeni. Kiti hicho kimoja mguu umelegea, kwa hiyo mmoja wenu akae kitandani, asiogope, sing'ati. Mmesema mmetumwa na kamati ya shule mpya, na shule hiyo mmeipa jina la mdogo wangu, yule binti, na mnanitaka mimi, ndugu yake pekee aliyebaki, nije nikate utepe na kusema maneno mawili matatu juu ya ujasiri wake. Sawa. Maneno nitayasema, lakini nitayasemea hapa hapa, na mkishayasikia ndipo mtajua kama bado mnanitaka nishike mkasi. Wewe mwenye daftari, andika. Na usinikatize. Nikikatizwa nakasirika, nikikasirika nanyamaza, na kunyamaza nimeshanyamaza vya kutosha.

Wakati wa mkoloni nilikuwa karani wa vidole. Msicheke, ilikuwa kazi ya watu, suruali ya pasi na kola nyeupe. Kila kibarua katika wilaya nzima, awe wa barabarani, wa ghalani au wa machimbo, ilimbidi awe na kadi yenye alama za vidole vyake kumi. Bila kadi hiyo hapati kazi, hapangi chumba, havuki daraja. Vidole hivyo vyote vilipita mikononi mwangu. Nilikuwa na kibao cha kioo, rola ndogo ya mpira, wino mzito mweusi, na kitambaa chenye mafuta ya taa cha kufutia. Natandaza wino kwenye kioo, nashika mkono wa mtu, naviringisha kidole kimoja kimoja kutoka pembe hii ya ukucha mpaka pembe ile. Kosa wanalofanya watu wote ni kutaka kusaidia. Mtu anakaza kidole, anasukuma, wino unatapakaa, kadi inaharibika. Kwa hiyo kutwa nzima neno langu lilikuwa moja: legeza mkono, usinisaidie. Nadhani nimelisema mara nyingi kuliko nilivyopata kusema asante.

Mtaani waliniita Bwana Dole. Nikiwapa mgongo waliniita kibaraka, na nilikuwa nasikia, maana masikio yangu siku zile yalikuwa mazima. Sisi makarani wenyewe hatukuwekwa vidole. Tulipewa barua yenye mhuri, imeandikwa kwamba mwenye nayo ni karani wa serikali, na jamaa zake wa nyumbani wakaandikwa humo humo. Barua hiyo niliitunza kuliko cheti cha ndoa ambacho sikuwahi kuwa nacho. Ndiyo ilikuwa tofauti pekee kati yangu na mchukuzi wa magunia, na kwa ujinga wangu niliiona tofauti kubwa.

Sasa niwape siri ya ofisi ile. Kadi zile hakuna aliyezitazama. Makabati yalijaa ukuta hadi ukuta, vidole vya wilaya nzima vimelala kwenye droo, na katika miaka tisa sikuona hata siku moja mtu akivuta droo alinganishe kidole na kidole. Walichotaka ni watu wajue kwamba wameshikwa, basi. Lishikeni hilo, kwa sababu ndilo lililonitia kichwani upumbavu ninaokuja kuwasimulia.

Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwenye ghala la nafaka. Baba alikufa mapema, nikamlea mimi na mama, na tulikuwa tunaishi watatu katika nyumba ya serikali ya vyumba viwili niliyopewa kwa ajili ya kazi yangu. Kichwa chake kilikuwa kigumu tangu utotoni. Ukimwambia twende huku atauliza kwa nini, na ukimpa sababu ataigeuzageuza kama mtu anayetafuta tundu kwenye shati kabla hajalinunua. Jioni akitoka ghalani haji nyumbani. Anakwenda mtaa wa vibarua, ule wa nyuma ya machimbo, anawakalisha watu wazima juu ya madebe yaliyopinduliwa, anawafundisha kuandika majina yao kwa mkaa. Jina tu. Hakuwafundisha vita wala hotuba. Siku moja nilimuuliza faida yake nini, mtu ana miaka hamsini anatoka jasho juu ya herufi saba. Akaniambia kwamba kidole cha mtu unaweza kukishika ukakibonyeza mahali asipopajua, lakini jina lake haliandiki mpaka atake mwenyewe.

Wakamwita Mwalimu wa Madebe. Nyumbani tulikuwa tunataniana. Akinikuta nanawa wino ananiuliza leo umekamata vidole vingapi, nami namjibu vingi kuliko wanafunzi wako, na mama anacheka mpaka anashika mbavu. Tulikuwa chanda na pete. Andika hivyo, usione haya, ilikuwa kweli.

Basi serikali ikautaka ule mtaa. Nyumba mia mbili na arobaini za udongo na mabati, si kitu, lakini chini yake palikuwa na mawe mazuri na machimbo yalitaka kupanuka. Sheria yao wenyewe ilisema watu hawahamishwi mpaka theluthi mbili ya wenye nyumba wakubali, kila mmoja kwa dole gumba la kushoto mbele ya jina lake. Theluthi mbili ni mia na sitini. Mkuu wa ofisi yetu, ambaye kwa mdomo tulimwita Bwana Mkubwa na kwa moyo tulimwita mengine, akanituma na meza yangu na wino wangu. Nilikaa pale siku nne. Wengine waliweka dole kwa hofu. Wengine waliambiwa ni orodha ya kuletewa bomba la maji, na aliyewaambia ni mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyoagizwa. Nikapata mia na ishirini na tisa. Siku ya tano mdogo wangu akaja, akasimama kando ya meza, akaisoma ile karatasi kwa sauti, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Foleni ikatawanyika. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama, na jioni ile hakuna aliyeuliza habari za vidole.

Jumamosi mchana Bwana Mkubwa aliweka karatasi juu ya meza yangu. Hakuniambia nighushi. Watu wa aina ile hawasemi. Alisema Jumatatu gari la barua linaondoka, na karatasi itaondoka nalo ikiwa na madole mia na sitini. Akaniuliza hali ya mama na kama paa letu halivuji. Halafu akasema, kama mtu anayewaza tu, kwamba karani akifutiwa barua yake inabidi na yeye awekwe vidole kama wengine. Akavaa kofia yake akaenda zake kucheza tenisi.

Nilibaki peke yangu. Nikatandaza wino, nikabonyeza dole langu mara thelathini na moja, mbele ya majina ya watu waliokataa. Oneni ujinga wa mtu aliyezoea kazi. Vidole nilikuwa navyo kumi, ningeweza kuvichanganya. Lakini fomu ilisema dole gumba la kushoto, na kwa miaka tisa mkono wangu umefuata fomu, basi hata katika kughushi nilifuata kanuni. Lile lile, la kushoto, mara thelathini na moja. Na dole hilo lilikuwa na kovu katikati kabisa, limepinda kama kipande cha ukucha uliokatwa. Nililijua kovu langu, ndiyo. Lakini nani atatazama? Nikafuta mkono kwa mafuta ya taa, nikaenda nyumbani, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Ilipotangazwa kwamba madole yametimia, na majina yakasomwa, mdogo wangu hakukubali. Aliandika malalamiko, watu wa mtaa wakatia saini, saini zimepindapinda zinaangukiana, lakini zao. Akayasukuma yale malalamiko ofisi hadi ofisi mpaka yakafika juu, akaletwa jaji kutoka makao makuu, na nyuma ya jaji waandishi wawili wa magazeti ya kwao. Hapo serikali ikaanza kuona aibu kidogo.

Asubuhi ya kikao ukumbi ulifurika. Wakili watu wa mtaa hawakuwa naye, walikuwa na mdogo wangu. Akawataja mmoja mmoja wale thelathini na moja, wakasimama, kila mmoja akasema hakuweka dole. Wakili wa serikali akasema hawa waliweka, kisha huyu msichana akawatisha wakayameza maneno yao. Mdogo wangu akaomba aione karatasi yenyewe. Alikuja na kioo cha kukuzia alichoazima kwa fundi wa saa. Mimi nilikuwa kwenye benchi la makarani, hatua sita tu. Nikamwona anapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha anarudi wa kwanza. Akainua kichwa, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akamwambia jaji anaomba aendelee mchana, na jaji alikuwa na njaa, akakubali.

Lile kovu alilijua kwa sababu ni lake. Alipokuwa na miaka minne alililia kopo la kuchezea, nikawa namkatia mfuniko kwa kisu, kikateleza. Mimi nililia kidogo. Yeye alilia mpaka akatapika, na kwa mwezi mzima kila asubuhi alikuja kukishika kidole changu kuona kama kimepona.

Alinikuta nyuma ya mahakama, penye bomba la kunawia. Alikuwa amekishika kile kioo cha fundi saa kwa mikono miwili.

"Kaka, ni wewe," akasema.

Nikamwambia makovu wanayo watu wengi. Akaniambia nisimfanye mtoto. Nikaja juu, nikamwambia yeye ndiye aliyeniletea balaa lote hili kwa kiherehere chake, kwamba kama angeshona magunia yake akaja nyumbani kama wasichana wengine tusingefika hapa. Aliniacha nimalize. Alikuwa na tabia hiyo, inaudhi sana, ya kumwacha mtu amalize.

"Nikikutaja mimi, watasema ni karani mwizi. Watakufunga wewe, na Bwana Mkubwa wako ataondoka na kofia yake. Ukisimama mwenyewe ukasema nani alikuletea karatasi, atashikwa yeye mbele ya magazeti. Simama, kaka. Nitasimama na wewe."

Nikamuuliza mama atakula nini, na atalala wapi tukinyang'anywa nyumba.

"Wale nao wana mama zao," akasema. "Tunarudi saa nane. Usiposimama, nitasema mimi. Sitaki kukuvizia, ndiyo maana nimekuja kukwambia."

Hapo kwenye daftari piga mstari chini yake. Mtu mwingine angenyamaza. Angeingia saa nane, akasema karani afungue mkono, na mambo yangekwishia pale pale, maana ushahidi nilikuwa nimeubeba mwenyewe. Lakini yeye aliona si haki kumshitaki ndugu yake bila kumpa nafasi ya kujisemea. Akanipa saa moja na nusu. Ndilo kosa alilofanya katika kesi ile nzima, na hakufanya jingine.

Ofisi yetu ilikuwa mlango wa tatu kutoka mahakamani. Nilikwenda huko kufikiri. Haki ya Mungu, kufikiri tu. Kwenye meza ya karani wa barua palikuwa na vijiti vya lakiri, ile nyekundu ya kufungia bahasha za serikali, na taa ndogo ya spiriti ya kuiyeyushia. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Nikawasha taa. Nikayeyusha kijiti kizima kwenye kifuniko cha bati mpaka kikatoa povu. Nikajaza leso mdomoni, nikajikaza kisabuni, nikazamisha dole. Lakiri ilipoganda nikaibandua, ikaja na ngozi yake. Sikupiga kelele. Mnanisikia vizuri? Mimi niliyeshindwa kumwambia neno moja mtu mwenye kofia, niliunguza nyama yangu na sikupiga kelele. Watu huniuliza ujasiri wa mdogo wako mliutoa wapi katika ukoo wenu. Nyumbani ulikuwepo, tena mwingi. Wangu niliutumia pale.

Saa nane kikao kikarudi. Mdogo wangu alisimama. Jaji akamwita mara mbili, yeye bado ananitazama mimi, ananiongezea dakika. Nikatazama viatu vyangu. Vilinisaidia sana siku ile, viatu vile. Ndipo akasema kwamba alama thelathini na moja katika karatasi ni za mtu mmoja, na zote zina kovu moja. Ukumbi ukaguna. Jaji akachukua kioo, akatazama muda mrefu, akakunja uso, akauliza kama wilayani kuna mtaalamu wa alama za vidole. Bwana Mkubwa akainuka akasema yupo, ni mmoja tu, na bahati nzuri yumo humu ndani.

Nikaapa kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko mfukoni unawaka moto. Nikainama juu ya karatasi, nikalitazama dole langu mara thelathini na moja. Nikasema alama hizi ni za watu mbalimbali. Nikasema mstari unaoonekana si kovu, ni ufa wa kibao cha kioo cha wino, na ufa huacha alama ile ile kwa kila anayepakwa. Kibao kikaletwa. Kina ufa kweli, mdogo, pembeni kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki, lakini hilo angelijua nani? Mdogo wangu akauliza mbona zile mia na ishirini na tisa hazina huo ufa. Nikasema kibao kilipasuka siku ya mwisho. Ulimi ulikuwa unateleza wenyewe, sikuwa hata na haja ya kuusukuma.

Jaji akaanza kukunja karatasi zake.

"Mheshimiwa," mdogo wangu akasema, "naomba shahidi afungue mkono wa kushoto. Shahidi ni kaka yangu. Ndiye aliyenilea. Kovu hilo liko kwenye dole lake, na hakujituma. Aliyemtuma amekaa mstari wa mbele, kofia iko magotini. Naomba mahakama imuulize huyo."

Sauti ilimkatika kwenye neno kaka. Akaliokota, akaendelea. Si mlitaka ujasiri? Ndio huo, uandikeni. Msije mkawaambia watoto kwamba alikuwa hana woga, maana nilikuwa karibu na niliona sketi inavyotetemeka magotini. Alikuwa anajua kwamba jioni ile hana nyumba ya kurudi, na kwamba yule Bwana Mkubwa aliyemtaja anaweza kumfanya atakavyo kesho yake. Na alikuwa anajua mama atasikia. Akasema vilevile, yote, mbele ya watu mia tatu, kwa sauti ambayo mlinzi wa mlangoni aliisikia.

Nikatoa mkono mfukoni nikaufungua. Dole lilikuwa jekundu, limevimba, linachuruzika maji, halina kovu wala mstari wa mtu yeyote. Nikasema niliungua nikifunga bahasha. Yeye alilitazama lile dole, kisha akapandisha macho taratibu mpaka usoni kwangu, na nikaona anaelewa nilivyoitumia ile saa moja na nusu aliyonipa. Nilingoja hasira. Hasira ningeiweza, mimi mwenyewe ni mtu wa hasira. Alinionea huruma, na huruma ile sijamsamehe mpaka leo.

Jaji akasema mahakama imemsikia mtaalamu. Mdogo wangu akapewa miaka mitatu kwa kuidanganya mahakama na kumchafulia jina ofisa wa serikali. Wiki tatu baadaye nyumba mia mbili na arobaini zilikuwa zimelala chini, na madebe yale yalichukuliwa kubebea kokoto.

Lakini bado sijamaliza, usifunge daftari. Kila aliyehukumiwa, kabla ya kupelekwa gerezani, alipitishwa kwangu. Ndiyo kanuni. Jioni ile ile askari wawili wakamleta. Vidole vyake vilikuwa havijawahi kuwekwa popote, maana alikuwa ameandikwa kwenye barua yangu. Nikatandaza wino. Dole nilikuwa nimelifunga kitambaa, rola naishika kwa shida. Nikauchukua mkono wake, mgumu, una sugu za sindano ya magunia, na mdomo wangu kwa mazoea ukasema legeza mkono, usinisaidie.

"Nimelegeza, kaka," akasema.

Nilipofika kidole cha tatu akaniuliza kwa sauti ndogo, askari wasisikie. "Linauma?"

Nikasema kidogo.

Niliviringisha vidole vyote kumi, na sijawahi kutengeneza kadi safi kama ile, kabla wala baadaye. Chini kulikuwa na nafasi ya saini kwa anayejua kuandika. Akaandika jina lake zima, taratibu, herufi moja moja, kama alivyokuwa akiwaonyesha wale wa madebe. Nikampa kitambaa afute wino, akafuta, akanirudishia akasema asante. Mwaka wa pili kifua kilimuua humo gerezani. Sikuwahi kwenda kumwona. Mama ndiye aliyekuwa anakwenda.

Siku ile ya hukumu nilirudi nyumbani nikamkuta mama amekaa chini, amekwisha kulia. Jirani alikuwa amekuja mbio kumwambia miaka mitatu, na zaidi ya hapo hakumwambia. Akaona kitambaa mkononi mwangu. Akainuka, akachemsha maji, akanisafisha lile dole, akalipaka mafuta, akalifunga upya kwa kipande cha kanga yake, anapuliza kama nina miaka mitano. Akaniuliza nani alimweka mtoto vidole. Nikasema ni mimi.

"Namshukuru Mungu," mama akasema. "Mgeni angemwumiza. Afadhali ulikuwepo wewe wa kumshika mkono."

Nikasema ndiyo, mama.

Kesho yake watu wakamwambia yaliyobaki. Hakunigombeza. Alipika, akaniwekea chakula, akakaa kwenye kiti chake. Ila tangu siku ile mpaka anaingia kaburini hakuniita tena mwanangu wala kwa jina alilonipa. Akitaka kunituma kitu aliniita Bwana Dole, kwa adabu, kama wale watu wa mtaani.

Haya, mmesikia. Mkasi mpeni mmoja wa wale thelathini na moja. Wapo watatu bado hai, nawajua wanakokaa, nitawaelekeza. Na wakifika msiwatolee kibao cha wino pale kwenye kitabu cha wageni. Wapeni kalamu, majina yao wanajua kuyaandika.